Supu ya Uhuru

Watu wa Haiti walijikomboa kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 1791 watumwa waliinuka dhidi ya mabwana zao, na tarehe 1 Januari 1804 taifa likatangazwa kuwa huru. Kila mwaka siku hiyo wenyeji hupika supu ya maboga. Mapokeo yao yasema kwamba zamani za utumwa mtumwa aliipika supu hiyo, lakini alikatazwa kuionja. Mwaka 2021 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ni desturi njema, nasi twaisifu.

Lakini yafaa tuulize: ni nani aliyeteka maji ya supu hiyo? Katika nyumba nyingi ni mtoto aitwaye restavèk, maana yake “kukaa na”. Wazazi wake, wakulima maskini, walimpeleka mjini wakitumaini kwamba atalishwa na kusomeshwa. Wengi wa watoto hao huamka kwanza na kulala mwisho, na shule huiona kwa mbali.

Wala tusidhani kwamba mwenye nyumba ni tajiri siku zote. Mara nyingi naye ni maskini, adharauliwaye na walio juu yake. Ndivyo dharau ilivyo: hushuka ngazi kwa ngazi, na kila mtu hutafuta wa chini yake. Ilianza zamani. Sheria ya mashamba ya mwaka 1826 ilimfunga mkulima katika shamba. Serikali na mahakama zilisema Kifaransa, lugha ya wachache. Krioli, lugha ya wote, haikufanywa lugha rasmi ya pili mpaka mwaka 1987. Mtu wa shamba huitwa moun andeyò, yaani mtu wa nje. Nje ya nini? Nje ya nchi iliyokombolewa na babu zake!

Wako wasemao: “Afadhali mtoto huyo apate makombo kuliko kufa njaa kwao.” Njaa ni kweli, hatuikani. Lakini shida ya mtu si hati ya kumtumikisha. Amsaidiaye mwenzake ili amtawale hakumsaidia. Amemnunua kwa bei ndogo.

Basi, sheria yaweza kufuta utumwa kwa siku moja. Dharau hufutwa mezani, kila siku. Hata sisi tusioipika supu hiyo na tutazame jikoni mwetu: ni nani alaye mwisho, na kwa nini?