Neno la Kiyunani Katika Ngozi ya Muislamu

Ndugu zetu Waislamu,

Watoto wetu wengi wa Mombasa, Lamu na Malindi wako Nairobi kwa masomo na kazi. Huko, katikati ya mji na katika mitaa ya magharibi kama Westlands na Kilimani, yako maduka ya kuchora mwili kwa sindano na wino, mchoro ambao vijana huuita tatuu. Wako wanaopenda kuandikwa neno moja la Kiyunani cha kale: arete, yaani ubora, aletheia, yaani ukweli, au eleutheria, yaani uhuru.

Hukumu ya jambo hili yajulikana. Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuchora na mwenye kuchorwa, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Lakini yatupasa tuulize pia: mtu hutafuta nini anapolichukua neno asiloweza kulisoma, akalitia katika ngozi yake kwa umri wake wote?

Natuwatazame kwanza Wayunani wenyewe. Kwao alama ya sindano iliitwa stigma, wala haikuwa pambo. Waliochorwa ni watumwa waliotoroka, wahalifu na mateka wa vita, ili wajulikane popote waendapo. Jirani zao Wathraki ndio walioiona kuwa ni fahari. Basi kijana aliyeandikwa "uhuru" kwa Kiyunani mkononi mwake, lau angalikutana na mtu wa Athens ya zamani, angalidhaniwa ni mtumwa wa mtu.

Wala lugha hiyo si ngeni kwetu kabisa. Kalamu asili yake ni kalamos, karatasi ni khartes, na falsafa ni philosophia. Yote yamepita katika Kiarabu ndipo yakatufikia. Katika Baghdad ya karne ya 9, wafasiri kama Hunayn bin Is-haq, naye alikuwa Mkristo, walikesha juu ya vitabu vya tiba vya Galen mpaka wakavitia katika Kiarabu. Watu wale walitaka maana. Walipoipata, hawakuwa na haja ya kuivaa. Waliifundisha, na wagonjwa wakafaidika nayo.

Lakini tusiwacheke vijana kabla ya kujitazama sisi wazee. Ni wangapi kati yetu waliofungwa hirizi yenye maandishi wasiyoyajua? Ni wangapi waliotundika aya ukutani, wasiulize hata siku moja inaamrisha nini? Hatulinganishi maneno ya Mwenyezi Mungu na maneno ya Wayunani, hasha! Twasema kuwa ugonjwa ni mmoja: kutosheka na sura ya herufi na kuiacha maana yake. Kijana aliyelelewa katika nyumba kama hiyo amejifunza kwetu kuwa neno ni kitu cha kuvaliwa.

Na yuko aliyekwisha kuchorwa, naye sasa aona haya kukunja mikono ya shati atie udhu mbele za watu, hata akaukimbia Msikiti wa Jamia ulio hatua chache na kazini kwake. Huyu asifukuzwe wala asinyooshewe kidole. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kuwa akiweza kuiondoa alama hiyo pasina madhara, yampasa aiondoe. Akichelea madhara, toba yamtosha, na sala yake ni sahihi. Anayemtoa msikitini kwa maneno ya kejeli amefanya baya kuliko sindano.

Enyi vijana, mkiupenda ukweli, uonekane katika mizani zenu na katika ahadi zenu. Mkiupenda uhuru, jikomboeni na kuiga. Na mkikipenda Kiyunani, kisomeni; elimu haikukatazwa. Nasi wazazi tuwafundishe watoto maana ya wanayoyasoma, tuanze na Al-Fatiha.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.