Filimbi na Mpulizaji: Nani Hujaribiwa?

Mtu ajaribupo chombo kipya cha muziki, ni nani hasa anayejaribiwa: chombo, au yeye mwenyewe? Huenda swali hili likaonekana la mchezo. Lakini sisi walimu, ambao kazi yetu ni kuwapima watu kila muhula, hatuna budi kulifikiri.

Mwaka jana ndugu mmoja mzaliwa wa hapa Kabonga, ambaye sasa anaishi Ubelgiji, alikuja likizo na filimbi ya mti iliyotengenezwa kwa mkono, ya namna ipigwayo na watu wa Ireland katika muziki wao wa jadi. Ina matundu sita ya vidole na moja la kupulizia, nayo hushikwa kuelekea upande, si kushushwa mbele ya kinywa kama umwironge wa wachungaji wetu. Imetengenezwa kwa mpingo, mti uotao Kilwa na Lindi, mzito hata huzama majini, ambao huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa.

Nikaipuliza. Haikutoa ila upepo. Nikageuza midomo, nikakaza pumzi, upepo mtupu. Nikasema, "Filimbi hii ni mbovu." Mzee mmoja aliyepiga umwironge tangu utoto wake akaipokea. Naye alishindwa mwanzoni, lakini hakuilaumu. Aliizungusha kidogo kidogo, akiutafuta ule ukingo wa tundu unaogawanya pumzi, hata sauti nene ikatoka. Akanigeukia akasema, "Mwalimu, hamjajuana bado."

Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima. Mwenye filimbi alitueleza kwamba filimbi mpya ya mti hupigwa dakika chache tu kila siku mwanzoni, ikafutwa ndani na kupakwa mafuta, kwani unyevu wa pumzi ukiingia kwa ghafla mti huweza kupasuka. Basi hata fundi aliyeitengeneza hawezi kuijua yote siku ya kwanza.

Historia yake nayo ina funzo. Mwaka 1847 Mjerumani Theobald Boehm alibuni filimbi ya madini yenye vifuniko vingi, na baadaye wapigaji wa okestra za Ulaya wakaziacha zile za mti za mtindo wa zamani. Zilizoachwa ziliuzwa kwa bei nafuu, na wapigaji wa Ireland wakazichukua. Sauti yake nene na wepesi wa vidole juu ya matundu wazi vilifaa sana kwa nyimbo zao. Hivyo, kilichoonekana duni kwa kipimo kimoja kilikuwa johari kwa kipimo kingine.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyeshuka kutoka milimani. Kirundi chake hakikumpa tofauti ya "l" na "r", basi kila alipotaka kusema "kulala" alisema "kurara". Darasa lilicheka. Nami, baada ya muhula mmoja, niliandika katika ripoti yake kwamba hana sikio la lugha. Miaka michache baadaye nilimkuta mwaloni akipatana bei ya dagaa na wavuvi kutoka Kigoma, kwa Kiswahili chenye mizaha na heshima mahali pake. Alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu." Niliitikia kwa haya. Nilikuwa nimepuliza mara moja, nikasikia upepo, nikatoa hukumu.

Pengine mwenzangu atauliza: je, hakuna filimbi mbovu? Zipo. Tundu lililotobolewa mahali pasipofaa halinyoshwi na subira ya mpigaji, na mwalimu anayesifu kila jibu hamfundishi mtu. Sisemi tuache kupima. Nasema kosa tusilitie katika chombo kabla hatujakipa muda, na kabla mikono mingine haijakijaribu. Kosa litakalobaki baada ya hayo ndilo tuliite la chombo.

Tena, mfano huu una mpaka wake. Filimbi ikiitwa mbovu haisikii. Mpigaji mwingine ataichukua nayo italia kana kwamba hapakusemwa neno. Mtoto husikia. Hulibeba neno la mwalimu hadi nyumbani, na pengine hulisadiki miaka mingi. Yule kijana aliokolewa na mwalo, si na mimi. Na wangapi hawakupata mwalo wa kuwaokoa?

Kwa hiyo, ndugu walimu, kabla ya kuandika "hawezi" katika ripoti, tujiulize tumempuliza mtoto huyu kwa pembe ngapi. Mimi filimbi ile niliweza kuitoa sauti siku ya tatu tu, nayo ilikuwa sauti moja, yenye kukwaruza. Mzee alitikisa kichwa kwa furaha, wala hakuniandikia ripoti.