Ngoma Itasubiri Mlangoni Mpaka Lini?

Mwezi unapokuwa mpevu, mji wetu wa Rumonge, hapa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, hupata likizo ambayo haikuandikwa kwenye kalenda yoyote. Uvuvi wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ni uvuvi wa taa: usiku wa giza mitumbwi hutoka, taa huwashwa juu ya maji, na samaki hufuata mwanga. Mbalamwezi ikitanda ziwani, kuanzia ufukwe wetu hadi kwenye milima ya Ubwari ng'ambo ya Kongo, taa hiyo haina kazi tena. Nyavu huanikwa. Watu ambao usiku mwingine wangekuwa majini hujikuta nchi kavu, wana nafasi, wana nguvu, na usingizi hauji. Basi mtu hupiga ngoma, mwingine huitikia, na watoto huwa wa kwanza kuingia uwanjani.

Asubuhi yake mtoto yuleyule aliyetikisa mabega mpaka mama yake akamwita mara tatu, anaketi dawati moja na wenzake watatu na kuambiwa atulie. Anatulia. Anatulia mpaka kengele ya kutoka. Sisi watu wazima tunapita nje ya dirisha, tunasikia kimya hicho, na tunasema shule ile ina nidhamu.

Watoto wa mwambao huu hawajapungukiwa na ngoma. Pita karibu na madrasa alasiri: kaswida inaimbwa, dufu linajibu, safu za watoto zinainama kushoto na kulia kama mtama upepo ukipita. Jumapili pita kanisani, uone kwaya ya watoto inavyoingia kwa hatua mbili mbele na moja nyuma. Nenda harusini. Nenda hata bombani, ambako madumu ya njano yanayosubiri zamu hugeuzwa ngoma kabla hayajaona maji. Kila mahali panapomlea mtoto wa Rumonge pamemtambua kuwa ana miguu. Pamebaki mahali pamoja tu, napo ndipo anapokaa saa nyingi kuliko kwingine kote.

Ndugu walimu, siji kuwaongezea mzigo. Najua madarasa yalivyojaa, najua vitabu vinavyogombaniwa. Nakuja kuwaambia kwamba kuna kitabu kimoja ambacho hakuna aliyekichapa na wala hakigombaniwi, na kila mtoto anakuja nacho mwilini.

Kifungueni. Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma inayopigwa, na ufalme wenyewe. Hilo pekee ni kipindi kizima cha historia, kwa sababu mtoto atauliza imekuwaje chombo cha ngozi na utawala vikaitwa jina moja, na mwalimu atalazimika kumpeleka hadi Gishora karibu na Gitega, kwenye ngome ya ngoma ya mfalme Mwezi Gisabo, na hadi Umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Halafu waulizeni ngoma ni ngapi. Katika densi ya ngoma za kifalme, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa binadamu, ngoma hupita kumi na hesabu yake ni witiri, zimepangwa nusu duara kuizunguka moja iliyo katikati. Mwalimu wa hesabu, unahangaika na namba witiri na shufwa ubaoni, na hapo nje kuna watoto wanaoweza kusimama wakawa hizo namba! Ya katikati ni inkiranya, ndiyo inayoamuru. Amashakwe hushika mdundo usiokatika. Ibishikizo husikiliza inkiranya na kuifuata inapogeuka. Mwulize mtoto wa miaka kumi angependa kuwa ipi kati ya tatu, na kwa nini. Majibu yake yatakufundisha mengi juu yake kuliko daftari lake la mwaka mzima.

Na mti unaochongwa ngoma? Unaitwa umuvugangoma, jina lenyewe likisema ndio unaoisemesha ngoma. Mwalimu wa sayansi awatoe watoto wakautafute. Wakiukosa karibu na shule, hilo nalo ni somo, tena somo gumu.

Wengine walishaona thamani hii zamani. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, alichukua rekodi ya ngoma za Burundi akajenga wimbo juu yake. Mwaka 1982 wapigaji wetu walitikisa tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza. Mcheza kwao hutunzwa, tunasema. Hawa walitunzwa ugenini kwanza, na darasa la kwao halijaamua bado kama ni somo au ni kelele.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonifanya nisitake kungoja. Rumonge si mji wa watu waliokaa tu. Mwaka 1972 damu ilimwagika hapa na nchini kote, na waliookoka wengi walikimbilia Tanzania. Wakakaa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba, Mishamo, wengine Kigoma. Wakazaa huko. Waliporudi, miaka mingi baadaye, walirudi na watoto wenye Kiswahili safi na Kirundi cha kubahatisha, wakaketi katika shule ambayo darasa la juu linadai Kifaransa. Fikiria mtoto huyo. Alikuwa hodari kwenye shule aliyotoka. Hapa amekuwa bubu. Anaitwa mgeni katika nchi ambayo babu yake alimsimulia kila jioni kuwa ni yao.

Mweke mtoto huyo kwenye mduara wa ngoma. Hakuna atakayemuuliza kitenzi. Atatazama miguu ya mwenzake, atakosea mara mbili, mara ya tatu ataingia. Na siku mwalimu akisema, "Haya, nawe tuoneshe ya kule mlikokuwa," ataleta hatua ambayo Rumonge haijaiona, na wale waliokuwa wakimcheka watataka kuijua. Kwangu hiyo inatosha kabisa kuwa sababu, hata kama zingine zote zingeanguka.

Si ndoto. Mwaka 2005, kaskazini mwa Uganda, shule ya msingi ya Patongo ilikuwa ndani ya kambi ya watu waliokimbia vita vya waasi wa LRA. Humo mlikuwa na yatima, na watoto waliowahi kutekwa na waasi hao. Shule hiyo ikafuzu kwenda mashindano ya kitaifa ya muziki Kampala kwa mara ya kwanza, ikacheza Bwola, ngoma ya Waacholi, na filamu ya War/Dance ikaipeleka hadithi yao duniani. Ngoma haikuwarudishia wazazi. Lakini walipanda jukwaani kama wachezaji wa Bwola, si kama watoto wa kambi, na Kampala iliwatazama hivyo. Kenya ina tamasha la muziki linalotoka mwaka 1927. Tanzania ilianzisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981. Majirani hawakungoja watajirike ndipo wacheze.

Mzazi atauliza densi itampa mwanawe alama ngapi kwenye mtihani wa darasa la tisa. Nitamjibu bila kuzunguka: huenda hata moja asipewe. Ila mtoto aliyerudia hatua ileile mara arobaini mpaka ikakaa, bila kuchapwa, kwa sababu yeye mwenyewe aliisikia ikipotoka, ameshajua kudurusu ni nini. Wengi tulimaliza shule bila kukijua hicho.

Kuna pia suala la wasichana. Amri ya rais ya Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma za kifalme, na ikataka vikundi viombe kibali cha wizara kabla ya maonyesho. Mkurugenzi wa shule aisome na aiheshimu, asije akawatia watoto matatani. Mimi, kama mzazi, sijaona bado ni kitu gani kingeharibika binti akishika mikwiro, na siku mjadala huo ukifunguliwa nitakuwa mstari wa mbele. Lakini amri hiyo isigeuzwe kisingizio cha kufunga uwanja mzima. Densi ya agasimbo ya Buragane, nyimbo za imvyino, maigizo, kaswida, hata hatua ambazo watoto watazibuni wenyewe wiki ijayo: nafasi ni kubwa, na wasichana wakipewa hawataiacha.

Jambo moja nawaonya. Shule nyingi hukumbuka ngoma pale mgeni mkubwa anapokuja. Wiki moja kabla, watoto hutolewa darasani, huvalishwa, hukaririshwa, husimamishwa juani. Gari likiondoka, na ngoma imeondoka. Hayo ni mapokezi, wala msiyahesabu kuwa elimu ya sanaa. Elimu ni pale mtoto anapouliza kwa nini mguu unatua hapa na si pale. Anapotunga kipande chake, wenzake wakakikosoa, akakirekebisha. Haihitaji mgeni. Mgeni huiharibu zaidi.

Wazee walisema ngoma ya watoto haikeshi. Ni kweli, na sababu wanaijua: hakuna mtu mzima aliyekaa nao.

Basi anzeni na mtu mzima. Mwezi mpevu ujao, wakati nyavu zimeanikwa, tumeni watoto wawili pale ufukweni wakamwalike mvuvi anayejua kupiga na bibi anayejua kuimba. Saa moja tu, alasiri ya Ijumaa baada ya swala, chini ya mwembe au kwenye uwanja wa mpira. Hamna ngoma? Madumu yapo. Hamna bajeti? Chai na kikaango cha ndagala havijawahi kumfukuza mgeni wa Rumonge. Mwalimu awepo, avue viatu, akosee hatua mbele ya wanafunzi wake. Wataikumbuka siku hiyo mpaka wawe na wajukuu. Kisha Jumatatu waandike walichokiona, wahesabu, wachore, wabishane.

Mzee akifika, mpeni kiti. Hatakikalia muda mrefu.