Mnunuzi Anayejua Zaidi ya Muuzaji

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: mtu anayenunua kitu huku akijua kwamba thamani yake ni kubwa kuliko anavyodhani muuzaji, je, ana wajibu wa kumwambia? Wengi watajibu upesi kwamba hana. Biashara ni biashara, na kila mtu achunge mali yake. Mimi pia ningejibu hivyo, mpaka jambo lenyewe liliponifika.

Mwaka jana mlinzi wa nyumba tunayopanga hapa Bujumbura, mzee wa zaidi ya miaka sitini, alinijia na saa ya mkono aliyoachiwa na marehemu baba yake. Alihitaji pesa za dawa za mjukuu. Alijua kwamba napenda saa, maana nimekulia Buyenzi karibu na meza ya fundi saa, na utotoni nilikuwa nikimshikia fundi huyo bisibisi zake. Saa ilikuwa Omega ya chuma ya miaka ya 1960, ya kutia ufunguo kwa mkono. Mzee aliomba faranga 60,000. Kabla sijasema neno akaongeza, "Mwanangu, naona uso wake umebadilika rangi, na chuma kimechubuka. Basi nipe 50,000." Nikatikisa kichwa, nikalipa.

Ili msomaji aelewe uzito wa kutikisa kichwa kule, lazima nieleze kwanza jinsi saa ya zamani inavyopimwa.

Mtu asiyezijua saa huiona inayometa kuwa bora kuliko iliyochakaa. Kwa wakusanyaji wa saa za zamani mambo ni kinyume. Chuma kikisuguliwa ili king'ae, kinapungua: kingo zilizokuwa kali zinakuwa butu, na maandishi yaliyochongwa mgongoni yanafifia. Kilichosuguliwa hakirudi. Kwa hiyo michubuko ya matumizi ya kawaida si dosari kubwa. Ni ushahidi kwamba hakuna aliyeingilia umbo la saa. Uso nao ukipakwa rangi upya, saa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, hata kama upya huo unapendeza. Ukiutazama kwa kioo cha kukuzia utaona herufi nene zisizolingana, au vistari vya dakika vilivyopishana na alama za saa.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi hawaifahamu. Saa nyingi za Uswisi za miaka ile zilitiwa rangi ya kung'aa gizani iliyochanganywa na tritiamu, na chini ya uso huandikwa herufi T kando ya neno la Uswisi. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Saa iliyotengenezwa miaka hamsini na kitu iliyopita imebakiwa na karibu sehemu moja ya ishirini ya nguvu ile. Kwa hiyo ukiona saa ya umri huo inawaka usiku kucha, jua kwamba kuna mtu ameipaka rangi mpya.

Saa ya mzee ilikuwa na kingo kali. Herufi zake zilikuwa nyembamba na safi. Gizani haikuonyesha kitu. Uso ulikuwa umegeuka rangi ya samli, sawasawa pande zote, kama uso usioguswa unavyozeeka. Yaani mambo mawili ambayo mzee aliyataja kama aibu na kuyapunguzia bei ndiyo hasa yaliyoipa saa thamani. Jioni ile fundi alifungua kifuniko cha nyuma, akakagua namba ya mashine na alama ndogo ambazo mafundi waliotangulia walikwaruza ndani yake. Kila kitu kilikuwa cha asili. Akaniambia kwamba mkusanyaji angeweza kulipa zaidi ya mara kumi ya pesa niliyotoa.

Sasa tuzipime hoja. Ninaweza kujitetea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba ujuzi wangu una jasho lake. Nilikaa miaka kwenye meza ya fundi bila mshahara; kama kila ninachokijua lazima nikigawe bure, nani atajifunza chochote? Ya pili ni kwamba kunyamaza si kusema uongo. Mzee alitaja bei mwenyewe, akaishusha mwenyewe, wala sikumshawishi.

Utetezi huu una wenzake wakubwa. Mwaka 1815 mfanyabiashara aitwaye Organ alinunua tumbaku mjini New Orleans akiwa amepata mapema habari za mapatano ya kumaliza vita kati ya Marekani na Uingereza. Habari zilipoenea, bei ya tumbaku ilipanda kwa asilimia 30 hadi 50. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1817 Jaji John Marshall alisema kwamba mnunuzi hakuwa na wajibu wa kumpa muuzaji habari zile. Lakini wanaopenda kuitaja hukumu hiyo huisahau nusu yake ya pili: kila upande lazima ujihadhari usiseme wala kutenda jambo la kumpotosha mwenzake. Kwa kuwa swali hilo halikuwa limeamuliwa sawasawa, kesi ilirudishwa isikilizwe upya.

Nusu hiyo ya pili ndiyo inayonibana. Mzee alisema mbele yangu kwamba uso umeharibika, na juu ya kosa hilo akajenga bei. Mimi nikatikisa kichwa. Katika mazungumzo ya watu wawili kutikisa kichwa ni neno kamili; maana yake ni "kweli usemayo". Naweza kudai kwamba nilikuwa nakubali bei tu, si maelezo. Lakini nilijua jinsi yeye angeelewa, na nilifurahi aelewe hivyo. Kwa hiyo utetezi wangu wa pili umeanguka bila hata kuhitaji maadili ya juu.

Tuseme sikutikisa kichwa, nilisimama kimya tu kama mti. Je, ningekuwa salama? Fikirini upande wa pili. Mwaka 2021 saa ya Omega Speedmaster iliuzwa katika mnada mjini Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka 2023 kampuni ya Omega yenyewe ilisema kwamba saa ile iliunganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali, na kwamba waliowahi kuwa wafanyakazi wake walihusika. Tukisikia habari hiyo wote tunasema ni udanganyifu. Hatusemi kwamba mnunuzi angejifunza zaidi. Basi kwa nini muuzaji anayeficha ubaya wa kitu aitwe mwongo, na mnunuzi anayeficha uzuri wake aitwe mjanja? Katika hali zote mbili mmoja anatoa mali yake akiwa gizani, na mwenzake ameificha taa.

Dini na historia zimeliona jambo hili. Katika mafundisho ya Mtume Muhammad kuna katazo la kutoka nje ya mji kuilaki misafara ili kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni. Mwenye mali aliyenunuliwa hivyo, akifika sokoni ana hiari ya kuyavunja mauzo. Hakuna uongo uliosemwa pale njiani. Kosa ni kumwahi mtu kabla hajapata nafasi ya kujua bei. Kwa upande wa Warumi, Cicero anasimulia habari za Scaevola, ambaye alitajiwa bei ya shamba, akajibu kwamba yeye analithamini zaidi, akaongeza sesta 100,000. Cicero anasema kila mtu alikiri kwamba huo ulikuwa utendaji wa mtu mwema, ila si wa mtu mwenye akili. Naye hakukubali kuutenga wema na akili namna hiyo.

Mwenzangu mmoja aliniambia, "Scaevola alikuwa tajiri. Wewe una kodi ya chumba." Ni kweli, na sitaki kuandika kana kwamba umaskini si hoja. Lakini hoja hiyo inamsaidia zaidi mzee. Kama shida yangu inapunguza wajibu wangu, basi shida yake, ambayo ndiyo iliyomtoa saa ya baba yake mfukoni, inauongeza.

Hata hivyo sisemi kwamba kila mnunuzi awe mwalimu wa kila muuzaji. Mfanyabiashara mwenye meza ya saa sokoni ameingia katika kazi hiyo kwa hiari. Anaweza kuuliza wenzake, na anachopoteza leo anafidia kesho. Mbele yake naona kunyamaza kunaruhusiwa. Mzee wa zamu aliuza mara moja, kwa dharura, kwa mtu aliyemwendea kwa sababu alimwamini kuwa anazijua saa. Hakuja kwa mnunuzi tu. Alikuja kwa mjuzi, na imani ile ndiyo inayozaa wajibu.

Basi jasho langu lipotee? Hapana. Jamii yetu ina jibu la zamani, nalo ni dalali. Dalali anajua asichojua mwenye mali, na kwa ujuzi huo anapewa ujira ulio wazi. Anachokatazwa ni kumeza tofauti yote kimyakimya. Kwa maoni yangu ujuzi unastahili ujira, lakini haustahili mali yenyewe.

Nilikaa wiki tatu na saa ile kabla ya kumwendea mzee. Nilipomweleza, hakukasirika mara moja. Aliuliza swali moja: "Siku ile ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza muda mrefu kuliko nilivyotaka. Pesa zangu alikwisha kuzitumia, kwa hiyo hakuweza kuzirudisha. Tulipatana kwamba saa ikae kwa fundi mpaka apatikane mnunuzi wa haki; mimi nichukue 50,000 zangu na sehemu moja katika kumi ya bei kama dalali, zinazobaki ziwe zake.

Hadi ninapoandika insha hii haijauzwa. Mzee bado ananifungulia geti usiku na kunijibu salamu, ila tangu siku ile haniiti tena mwanangu. Sheria nisingeivunja kama ningenyamaza mpaka leo, lakini hasara hiyo ingekuwepo vilevile, tofauti ni kwamba yeye asingeijua.