Mwanangu, Wiki Yako Umeipindua

Mwanangu, nimekusikia ukilalamika kwamba wiki haikutoshi. Una tovuti ya wafanyabiashara wa dagaa, una hotuba ya kupeleka mkutanoni, na Desemba ikiingia una mafumbo ya programu kila siku. Sikwambii uache hata kimoja. Ila umevipanga kichwa chini, miguu juu: fumbo linachukua asubuhi akili ikiwa bado mbichi, hotuba inachukua jioni, na kazi ya mtu aliyekulipa unaigusa ukishachoka.

Nianze na mafumbo, maana ndiyo unayoyapenda. Yale ya Advent of Code, aliyoyaanzisha Mmarekani Eric Wastl mwaka 2015, hufunguliwa saa sita usiku kwa majira ya mashariki ya Marekani. Hapa Mwanza ni saa mbili asubuhi, wakati mteja wako naye anafungua duka. Miaka mingi kulikuwa na orodha ya dunia nzima ya waliotangulia kumaliza, vijana wakakimbizana, hadi wengine wakawa wanaiachia akili bandia iwafumbulie. Mwaka 2025 Wastl aliiondoa orodha hiyo na kupunguza mafumbo kutoka 25 hadi 12. Mwenye mchezo kapunguza mbio. Wewe unakimbizana na nani? Fumbua usiku, ukishakula. Lakini shika jambo moja: fumbo lina sehemu mbili, na ya pili huioni mpaka umalize ya kwanza. Ikifunguka, masharti yamebadilika, na aliyeibana mno programu yake anaanza upya. Wateja wako wa dagaa pale Kirumba ndivyo walivyo.

Basi nenda huko Kirumba, sokoni mwaloni. Simama penye magunia ya dagaa yanayongoja kupelekwa Kongo na Rwanda, fungua tovuti yako kwa simu ya bei ndogo, kwa bando ulilonunua mwenyewe. Ile picha kubwa ya ziwa uliyoitandaza juu ya ukurasa itamaliza bando kabla bei haijaonekana. Mama muuza dagaa ziwa analiona kila siku, hana haja ya kuoneshwa. Anataka bei ya gunia na kujua kama mzigo upo. Na mzigo unafuata mwezi: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikikolea mitumbwi hupumzika, na mvua ikiwakuta dagaa wameanikwa ni hasara. Kalenda uliyomtengenezea haina giza wala mbalamwezi. Hukuuliza.

Halafu kuna ile saa. Umeweka kisanduku cha muda wa mzigo kufika. Mtu anaandika 2, akikusudia saa mbili asubuhi. Programu yako inasoma saa nane usiku. Gari linatumwa mwaloni usiku wa manane, dereva anapiga simu anafoka, wewe huipokei.

Na hotuba? Nimeisoma. Mustakabali wa teknolojia Afrika! Hiyo anaweza kuitoa yeyote, hata ambaye hajawahi kufika Afrika. Mkutano wenyewe, DjangoCon Africa, wa watumiaji wa zana ya kutengenezea tovuti iitwayo Django, ulifanyika Zanzibar mwaka 2023, ukaja Arusha mwaka 2025. Watu hawafungi safari kuja kusikia ya jumla. Django yenyewe ilizaliwa kwenye gazeti la mji mdogo wa Lawrence, jimbo la Kansas. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakikimbizana na muda wa habari kutoka, wakatengeneza cha kuwarahisishia kazi, na mwaka 2005 kikaachiwa dunia nzima. Hawakuanza na dunia. Walianza na gazeti lao.

Wewe una kisanduku cha saa. Kioneshe ukumbini, onesha gari lilivyokwenda bure, kisha onesha ulivyotengeneza: pembeni ya namba mtu achague alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Wa Mombasa na wa Zanzibar watakuelewa kabla hujamaliza sentensi, maana saa zao ni hizo hizo. Nusu saa ya hotuba itakuwa fupi kwako.

Ila huwezi kuonesha ambacho hujakitengeneza. Kesho saa mbili asubuhi liache fumbo, panda daladala uende Kirumba, ukakirekebishe kisanduku hicho mbele ya mama anayekitumia.