Gamba Moja Lisilolingana

Tarehe 25 Septemba 1957, bustani ya wanyama ya Lincoln Park mjini Chicago ilipeleka nyoka mdogo kutoka Afrika kwenye Makumbusho ya Field, ili atambuliwe ni wa aina gani. Alikuwa na urefu wa sentimita 76 hivi. Aliyepelekewa ni Karl Schmidt, mzee wa miaka 67 aliyeifanya kazi ya kutambua nyoka na mijusi tangu ujana wake, na ambaye vitabu vyake vilikuwa vikisomwa na wataalamu wenzake.

Schmidt na wenzake wakamkagua. Umbo la kichwa, rangi zake, na magamba yenye ukingo mdogo katikati yaliyojipanga mshazari, vyote vilielekeza kwa bumslangi, nyoka wa mitini ambaye yupo hata kwetu Afrika Mashariki. Ila jambo moja liligoma. Gamba linalofunika tundu la haja, ambalo kwa bumslangi kwa kawaida huwa limegawanyika, kwa huyu lilikuwa zima. Wakiwa bado wanalijadili hilo, Schmidt akampokea nyoka kutoka kwa mwenzake bila kuchukua tahadhari, akamshika mbali kidogo na kichwa. Nyoka akamuuma kidole gumba cha mkono wa kushoto. Jino moja tu la nyuma ndilo lililozama sawasawa, kiasi cha milimita 3.

Siku hizo wengi waliamini kwamba nyoka wenye meno ya sumu nyuma ya kinywa hawawezi kumdhuru sana mtu mzima, sembuse nyoka mchanga. Schmidt akapanda treni kurudi nyumbani, huku akiandika kila anachohisi: kichefuchefu, kutetemeka kwa baridi, homa, damu kwenye fizi. Usiku akakojoa damu. Asubuhi akajisikia nafuu, akapata kifungua kinywa, akapiga simu kazini kusema kesho yake atafika. Alasiri ya siku hiyo hiyo akafa. Sumu ya bumslangi huvuruga ugandaji wa damu mpaka mwili ubaki hauna cha kuzuia damu isivuje, na madaktari waliompasua walikuta imevuja kwenye mapafu, figo, moyo na ubongo.

Anayeanza kujifunza kutambua nyoka akae na kisa hiki kabla hajajifunza jina hata moja. Schmidt hakushindwa kwa kukosa elimu. Dalili karibu zote zilisema hatari, moja ikasema pengine siyo, na nyoka akashikwa kana kwamba ile moja ndiyo iliyoshinda kesi. Nyoka hawafuati kitabu gamba kwa gamba. Wapo wanaozaliwa tofauti kidogo na wenzao, na bumslangi hasa ni kigeugeu: madume mengi huwa ya kijani, majike aghalabu kahawia, na wachanga huwa wa kijivu wenye macho makubwa ya kijani. Anayesema namjua kwa rangi yake, huyo hajamjua.

Ndiyo maana zinanitia hofu kanuni fupi fupi ambazo watu hupeana vijijini na mijini. Utaambiwa nyoka wa sumu ana mboni ya jicho iliyosimama wima kama ya paka. Kwa Afrika kanuni hiyo inaua. Koboko ana mboni ya duara, swila vilevile, bumslangi vilevile. Kinyume chake, yule nyoka mla mayai, asiye na sumu kabisa, ana mboni ya wima. Utaambiwa tena kichwa cha pembetatu ndicho cha kuogopwa. Kichwa cha koboko ni chembamba na kirefu, na mla mayai akitishwa hukitandaza chake na kusugua magamba yake mpaka ukadhani ni kifutu. Na nyoka wa kijani juu ya mwembe anaweza kuwa yule mwembamba asiye na madhara anayewinda vyura na mijusi, au nyoka mwenye sumu aitwaye mamba wa kijani, au bumslangi dume. Kuwatofautisha kunataka kutazama kwa utulivu ukubwa wa jicho, urefu wa kichwa, na kama magamba ni laini au yana ukingo. Hayo yote huonekana kwa darubini au kwenye picha iliyovutwa kutoka mbali.

Kosa hilo halikuisha na Schmidt. Septemba 2001, kaskazini mwa Myanmar, mtafiti Mmarekani Joseph Slowinski alikabidhiwa mfuko wenye nyoka mdogo mwenye pete nyeupe na nyeusi mwilini. Msaidizi wake alidhani ni wa aina isiyo na sumu inayofanana sana na kraiti, nyoka mwenye sumu kali. Slowinski akatia mkono mfukoni. Alikuwa kraiti. Baada ya saa chache misuli ya kupumulia ikagoma, wenzake wakampulizia pumzi kwa midomo yao saa nyingi, msaada haukufika kwa wakati, akafa akiwa na miaka 38.

Kwa hiyo mwanafunzi mzuri wa nyoka namtambua kwa daftari lake: limejaa maneno "sijamjua", na kila alipoyaandika alikuwa amesimama mbali, mbali zaidi kama huenda ni swila, maana baadhi ya swila huweza kutema sumu zaidi ya mita mbili wakilenga macho. Nyoka aliyekufa naye hamshiki kwa mkono, maana kichwa kilichokatwa bado huuma. Akiumwa mtu, hamfukuzi nyoka ili ampeleke hospitalini. Picha moja ya haraka inatosha, na isipopatikana basi, kumwahisha mgonjwa ndilo la kwanza. Picha ina kazi yake kweli, kwa sababu dawa ya sumu ya bumslangi hutengenezwa peke yake Afrika Kusini, na ile ya pamoja inayotibu sumu ya koboko, swila na kifutu haimsaidii aliyeumwa na bumslangi. Na mgonjwa akiamka asubuhi akisema yu mzima, anataka kurudi shambani, asiruhusiwe. Abaki hospitalini, damu yake ipimwe na kupimwa tena kama inaganda, mpaka daktari aseme aende.