Jiwe la Kubeba na Jiwe la Kuacha

Somo la juma: Yoshua 4:1–9

Shule zimefungwa na watoto wako nyumbani. Swali ambalo wazazi wa hapa Kapseret huniuliza mlangoni baada ya ibada ni lile lile la kila Agosti: Mchungaji, hawa watoto tuwapeleke wapi bila kugusa karo ya muhula ujao? Jibu langu ni fupi. Watembezeni, na jioni kila mmoja arudi na jiwe mfukoni. Wengine hucheka. Mama mmoja wa Simat aliniambia mawe yamemchosha, kila akiinua jembe linagonga moja, sasa mbona amlipie mtoto nauli akaokote mengine?

Tumsikilize Yoshua kwanza, kisha turudi kwa huyu mama.

Waisraeli walivuka Yordani wakati wa mavuno, mto ukiwa umefurika hadi kingo zake. Watu wamechoka, wamebeba watoto na mizigo, kila mmoja anataka kufika ng'ambo na kuketi. Hapo ndipo wanaume kumi na wawili, mmoja wa kila kabila, wanarudishwa katikati ya mto, mahali ambapo makuhani wamesimama na sanduku la agano, wakachukue kila mtu jiwe begani. Sababu wanapewa mapema: siku moja watoto wenu watauliza mawe haya ni ya nini, na nyinyi mtawaeleza.

Ninavyolisoma andiko hili, mtoto ndiye anayeanza mazungumzo. Mzazi amewekewa kazi ya kuwa karibu wakati swali linapotoka, na kuwa na la kusema. Wengi wetu tumefanya kinyume: tumejaza majibu na mawaidha, na mtoto hajauliza lolote tangu mwaka jana kwa sababu muda wote yuko kwenye simu, nasi tuko kwenye yetu.

Sasa turudi kwa mama wa Simat na jembe lake. Lile jiwe linalomsumbua, la kijivu kilichokoza karibu na weusi, wanajiolojia huliita fonolaiti. Lioshe, lipeleke juani, uligeuze polepole. Utaona ndani yake vipande vidogo vya feldispa, vingine virefu kiasi cha ukucha wa mtoto, vikimeta upande mmoja na kufifia upande mwingine. Ukiligonga kwa jiwe jingine gumu, linalia kama kengele. Lilikuwa lava. Takriban miaka milioni 12 iliyopita lava hiyo ilitoka upande wa Bonde la Ufa, kabla bonde halijadidimia kama tunavyoliona leo, ikamwagika kuelekea magharibi na kufunika nchi hii yote ya Uasin Gishu. Uwanda tunaolimia mahindi na ngano, kiwanja chetu cha ndege, misingi ya nyumba zetu, vyote vimekaa juu yake. (Kuna ndugu watanijia kuhusu hiyo milioni 12. Karibuni, chai ipo. Mimi sijaona mahali Mwanzo inapomkataza Mungu kuchukua muda wake.)

Yesu alipoingia Yerusalemu na Mafarisayo wakataka wanafunzi wanyamazishwe, aliwajibu kwamba hao wakinyamaza, mawe yatapaza sauti. Mpe mtoto mawe mawili ya Kapseret ayagonganishe, kisha msomee habari hiyo katika Luka 19. Hataisahau.

Kwa wanaotaka kutoka nje ya shamba, pa kwenda si mbali. Msitu wa Kaptagat uko upande wa mashariki wa mji, na njia zake za udongo mwekundu ndizo wanazokimbilia wanariadha wetu alfajiri, akiwamo Eliud Kipchoge, ambaye kambi yake ya mazoezi iko huko huko. Mtoto wa miaka saba anatembea kule bila shida. Msitu ni wa serikali, kwa hiyo pitia kwanza kwa walinzi wa Shirika la Huduma za Misitu, uulize njia zilizo wazi. Mto Sosiani unashuka kutoka upande huo. Ukiutazama pale katikati ya Eldoret, maji yana takataka na harufu, na sikushauri mtu yeyote amwache mtoto aingize mguu. Uufuate juu, kabla haujafika mjini, na utakuta mawe yaliyosuguliwa na maji hadi yakawa laini kabisa. Upande wa Nandi, kwa wanaoshika barabara ya Kapsabet, kuna maporomoko ya Chepkiit. Ni pazuri, lakini mwamba una utelezi, na mtoto ashikwe mkono.

Ila kama una nauli ya safari moja tu, nenda Iten, ushuke. Nalisema hili kila mwaka na sitaacha. Barabara ya kwenda Kabarnet inateremka ukingo wa Elgeyo kupitia Tambach, na katikati ya mteremko kuna ile tambarare ndogo ya Kessup yenye mashamba na vijia vya watu na mbuzi. Juu kabisa, genge ni la fonolaiti yetu ile ile. Ukishuka hadi karibu na Tambach, mawe yanabadilika: yana mistari, meusi na meupe yamekunjwa pamoja, na ndani yake kuna ulanga, vile vipande vyembamba vinavyometa ambavyo mtoto hubandua kwa ukucha akidhani ni fedha. Hayo yana zaidi ya miaka milioni 500. Yaliwahi kuwa chini sana ya ardhi, yakapikwa na kubanwa, kisha nchi ikapasuka na kuyaweka mahali ambapo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyashika. Kwa mwendo wa asubuhi moja, umemshusha mwanao kutoka kwa jiwe changa hadi jiwe kongwe. Ng'ambo ya bonde la Kerio mtaona vilima vya Tugen. Huko, mwaka 2000, kikosi cha Brigitte Senut na Martin Pickford kilipata mifupa ya kiumbe aliyeitwa Orrorin tugenensis, wa takriban miaka milioni 6.

Na hapo nataka tusimame, kwa sababu mifupa ile isingekuwa na maana yoyote kama mtu angekuwa ameiokota akaiweka kabatini. Umri wake ulijulikana kutokana na tabaka za mawe ilimolala. Ukiutoa mfupa mahali pake bila kuandika lolote, umebaki na mfupa tu.

Soma sasa mstari wa 9. Tunaupita haraka kwa sababu hadithi inaonekana imekwisha. Baada ya wale wanaume kubeba mawe yao kwenda Gilgali, Yoshua anasimamisha mawe kumi na mawili katikati ya Yordani, pale miguu ya makuhani iliposimama. Wataalamu hubishana kama ni mawe mengine au ni yale yale yametajwa mara ya pili. Mimi nasoma kama Biblia yetu inavyosomeka: kuna mawe yaliyobebwa, na kuna mawe yaliyoachwa mtoni, ambayo maji yakirudi hakuna mtu atakayeyaona. Ya kwanza ni ya watoto kuuliza. Ya pili yalibaki pale pale kwa sababu pale ndipo mahali pake.

Uasin Gishu tuna mawe ya namna hiyo ya pili. Wazee wetu huyaeleza kuwa ya Wasirikwa, watu wa kale wa nyanda hizi: mabonde madogo ya mviringo yaliyochimbwa mteremkoni, mengine yamezungushiwa ukuta wa mawe. Watu walidhani kwa muda mrefu kwamba ni nyumba. Mary Leakey alichimba Hyrax Hill karibu na Nakuru mwaka 1937, na wachimbaji wa mambo ya kale waliomfuata wakaonyesha kwamba yale yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na watu waliishi pembeni. Mengi yamelimwa na trekta. Mengine mawe yake yamekwenda kujenga vibanda vya kuku. Ukibahatika kuwa na moja shambani kwako, au ukikuta moja matembezini, mwache mtoto aingie, azunguke, ahesabu mawe, awaze ng'ombe walisimamaje humo usiku wa baridi ya huku kwetu. Asitoe hata jiwe moja. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo, na anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa.

Sheria nyingine ni nyepesi kueleza. Katiba yetu, Ibara ya 62, inahesabu madini kuwa ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inataka kibali kwa mtu anayechimba. Jiwe moja la mtoni mfukoni mwa mtoto halijawa uchimbaji. Gunia la mawe kwenye buti la gari ni habari nyingine. Katika mbuga na hifadhi za wanyama usichukue kitu, na katika shamba la mtu, piga hodi. Akani, katika Yoshua 7, hakufa kwa sababu vitu alivyochukua Yeriko vilikuwa vibaya. Vilikuwa vizuri mno, ila si vyake.

Mgodi wa Kimwarer nautaja kwa sababu vijana huniuliza. Floraspa ilichimbwa kule tangu miaka ya 1970 hadi kazi iliposimama mwaka 2016, na ni kweli jiwe lake hutoka la zambarau au kijani, zuri sana. Lakini mashimo ya mgodi si mahali pa familia. Vivyo hivyo machimbo ya kokoto yaliyoachwa huku kwetu: mvua ikinyesha yanajaa maji, na maji yale yameua watoto. Msiingie.

Nina jambo moja zito. Tunaishi mahali ambapo mawe yana historia ambayo hatujawaeleza watoto. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, barabara za kuingia Eldoret zilizibwa kwa mawe na magogo. Kiambaa, karibu kabisa na sisi, kanisa lilichomwa likiwa na watu ndani, siku ya kwanza ya mwaka. Watoto wanaofungua shule muhula ujao wengi wao hawakuwa wamezaliwa, na wamesikia vipande vipande, kwa mjomba aliyelewa au kwa mwenzao darasani, kila kabila na kipande chake. Wazazi tumenyamaza tukidhani tunawalinda. Kumbukumbu la Torati sura ya 6, Musa anapotaja mahali pa kuzungumza na watoto, anataja nyumbani na anataja njiani. Nimekuja kuamini kwamba mambo mengine ni ya njiani. Sebuleni, uso kwa uso, baba anakohoa na kubadilisha stori. Mkitembea bega kwa bega, macho yakiwa chini yakitafuta jiwe, neno gumu linapata nafasi ya kutoka, na ukimya wa hatua kumi haumtishi mtu. Mwanao akikuuliza, mjibu. Mwambie ulikuwa wapi, ulimpoteza nani, nani wa kabila jingine alikuficha, au wewe ulimficha nani.

Basi, wanaotaka kuungana nasi, Jumamosi ijayo Mungu akijalia tutateremka Kessup. Tunaondoka asubuhi na mapema kwa matatu za Iten, kwa sababu Agosti huku kwetu mvua hupiga mchana, na mteremko ule ukilowa si wa kucheza nao. Mtoto avae gambuti au viatu vya kushika vizuri, na sweta, maana Iten asubuhi ni baridi na chini ni joto. Bebeni mahindi ya kuchemsha, chai na maji ya kunywa. Kogo na kugo, yaani bibi na babu, wanakaribishwa sana. Tutawatafutia pa kuketi juu pale penye mwonekano mzuri, na watoto watawapandishia mawe wayakague. Kila mtoto ana ruhusa ya jiwe moja, na aandike kwenye karatasi alilitoa wapi na siku gani. Nyundo zibaki nyumbani. Atakayekuja na spika ya muziki nitambebea mimi mwenyewe, ikiwa imezimwa.